Msiivute Picha

Wapo wanaoamini kwamba mwalimu akishastaafu hukosa wanafunzi wa kuwakaripia, na kwa hiyo hutafuta kitu kingine cha kugombana nacho. Jirani zangu wananihesabu katika kundi hilo, wala sina nguvu ya kubishana nao. Ugomvi wangu mimi ni na picha zilizovutwa. Nasema mapema ili msomaji anayeona jambo hili ni dogo mno afunue kurasa aende kwenye insha nyingine. Atakayebaki namwomba anivumilie, maana nitaanzia mbali kidogo.

Mwaka 1972, nikiwa kijana wa chuo, nilikwenda sinema Dar es Salaam pamoja na wenzangu watatu. Tulikata tiketi za viti vya mbele, vile vya bei ndogo, ambavyo ukikaa shingo inauma hadi kesho yake. Taa zikazimwa, filamu ikaanza, na kila aliyetokea kwenye pazia alikuwa mwembamba kama ufito. Farasi walikuwa na miguu ya twiga. Magurudumu ya gari lao la kukokotwa yalisimama wima kama mayai. Mwendesha mashine alikuwa amesahau kuweka lenzi yake.

Hazikupita sekunde kumi. Ukumbi mzima ulilipuka kwa miluzi, watu wakapiga sakafu kwa miguu, na mmoja nyuma yetu akapaza sauti, "Opareta, umelala?" Filamu ikasimamishwa, taa zikawashwa, na baada ya dakika chache picha ikarejea, safari hii imeenea pazia lote, watu ni watu na farasi ni farasi. Tukapiga makofi. Mle ndani walikuwamo makuli wa bandarini, wauza samaki, makarani, na watoto waliopenya bila tiketi. Sidhani kama hata mmoja wao alikuwa amefundishwa neno uwiano katika jambo la sinema. Lakini hakuna aliyesema, "Haidhuru, si tunawajua waigizaji?"

Sasa njoo nami katika mgahawa mmoja wa mjini kwetu, tarehe 14 Oktoba ya mwaka ambao sina haja ya kuutaja, maana kila mwaka ni hivyohivyo. Televisheni kubwa iko ukutani. Siku hiyo ni ya kumkumbuka Mwalimu Nyerere, aliyefariki mwaka 1999, na kituo kinaonyesha hotuba zake za zamani. Mwalimu aliyekuwa akihutubia pale ukutani alikuwa na uso mpana kama sinia, mabega ya mbeba magunia, na fimbo yake ilikuwa nene kuliko nilivyopata kuiona. Mtu yule tulimwona kwa macho yetu sisi wa umri wangu, alikuwa mwembamba. Nikamwita kijana wa mgahawa, nikamwomba atafute rimoti aiweke picha katika umbo lake. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akasema kwa adabu zote, "Mzee wangu, mbona imejaa vizuri tu?" Watu wapatao thelathini walikuwa mle ndani. Hakuna aliyepiga mluzi.

Hilo ndilo linalonikera. Si kwamba mitambo inakosea, kwa kuwa mitambo ilikosea tangu zamani. Kinachonikera ni kwamba tumeacha kuona.

Uwiano wa pande ni jambo jepesi. Chukua upana wa umbo, ugawanye kwa kimo chake. Namba utakayopata ndiyo uwiano. Kioo cha televisheni ya zamani kilikuwa nne kwa tatu, yaani kila sentimita tatu za kimo zilikwenda na nne za upana. Televisheni hizi bapa za siku hizi ni kumi na sita kwa tisa. Ukichukua picha iliyopigwa kwa nne kwa tatu, ukaitandaza ienee kioo chote cha kumi na sita kwa tisa bila kugusa kimo, upana wa kila kilichomo unaongezeka kwa theluthi moja kamili. Mwenye mabega ya sentimita 42 anapewa ya 56. Mpira unakuwa papai. Mtu mrefu anakuwa wa kawaida, na wa kawaida anakuwa mfupi, kwa sababu jicho halipimi kimo peke yake. Hupima kimo kwa kulinganisha na upana.

Namba hizi hazikuokotwa njiani. William Dickson, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Thomas Edison huko Marekani, ndiye aliyepanga mwanzoni mwa miaka ya 1890 kwamba kila picha katika ukanda wa filamu wa milimita 35 ichukue kimo cha matundu manne, na hapo ikapatikana nne kwa tatu. Sauti ilipoingia katika filamu ilitaka njia yake ubavuni, ikabidi vipimo virekebishwe, na mwaka 1932 Hollywood ikaafikiana juu ya 1.37, ambayo kwa jicho la mtu wa kawaida ni ileile. Televisheni ilipokuja ikarithi nne kwa tatu. Wamarekani walipoanza kujifungia majumbani na televisheni zao, wenye sinema walihangaika kutafuta kitu ambacho televisheni haikuwa nacho, wakakiona: upana. Mwaka 1952 ikaja Cinerama yenye mashine tatu zikionyesha kwa pamoja katika pazia lililopinda. Mwaka 1953 ikafuata The Robe, filamu ya kwanza kutolewa kwa CinemaScope.

Hapa naomba nikae kidogo, maana hapa ndipo penye jibu la wale wanaoniambia kwamba hata wakubwa wa sinema walivuta picha. Ni kweli walivuta. Lenzi ya CinemaScope ilitokana na kazi ya Mfaransa Henri Chrétien ya miaka ya 1920. Wakati wa kupiga, lenzi iliminya picha kwa upana hadi nusu yake, ili mandhari pana iweze kuingia katika ukanda uleule wa milimita 35. Wakati wa kuonyesha, lenzi nyingine iliikunjua mara mbili, ikarudi ilivyokuwa. Kilichokosekana usiku ule wa 1972 ni hiyo ya pili. Basi aliyeminya alijua kaminya kiasi gani, na aliyekunjua alikunjua kiasi hichohicho. Ni kama mtu anayekunja kanzu yake aiweke sandukuni, akifika aendako anaikunjua na kuivaa. Huyu wa leo anayevuta picha ya nne kwa tatu hakuna aliyemminyia kitu. Anavuta nguo isiyo na mkunjo, na nguo inachanika.

Na kumi na sita kwa tisa yenyewe ilitoka wapi? Ilipofika miaka ya 1980, wataalamu walitaka umbo moja la televisheni mpya ambalo lingepokea picha zote, zile za zamani zilizokaribia mraba na zile pana za sinema. Mhandisi Mmarekani Kerns Powers alichora mistatili yenye uwiano wa aina zote zilizokuwa zikitumika, akaipa yote eneo sawa, akaipanga juu ya kitovu kimoja. Akaona kwamba mstatili wa nje unaoizunguka yote, na ule wa ndani uliomo katika yote, zote mbili zina uwiano wa karibu 1.78. Ndiyo kumi na sita kwa tisa. Mwalimu mwenzangu wa hisabati ataliona jambo hilo kwa njia nyingine: zidisha 1.33 kwa 2.35, kisha tafuta kipeuo cha pili, utapata kama 1.77.

Maana yake ni nini? Maana yake umbo hili lilichaguliwa kama suluhu baina ya wagombanao, kwa kukubali tangu mwanzo kwamba picha za kale zingekaa katikati zikiacha weusi kushoto na kulia, na sinema pana zingeacha weusi juu na chini. Weusi ule anaouchukia kijana wa mgahawa si ugonjwa wa televisheni. Uliwekwa katika hesabu kabla kioo chenyewe hakijatengenezwa. Anayeuziba kwa kuivuta picha anafanya kinyume kabisa cha kusudi la waliokibuni kioo.

Kwetu jambo hili lilitufikia kwa kishindo. Tanzania Bara tulisubiri televisheni hadi 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikwishakuwa na picha za rangi tangu miaka ya 1970. Hatujakaa sawa, tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, miji mingine ikafuata, na kila nyumba ikatakiwa kuwa na king'amuzi. Serikali na vituo vilitufundisha wapi pa kuchomeka waya. Hakuna aliyetufundisha kwamba picha ina umbo lake. Watu wakapokea kioo kipana, wakakuta picha ina mapengo pembeni, wakadhani wameibiwa.

Tazama sasa jinsi wengine wanavyoheshimu uwiano, na tuanze na seremala. Mwambie fundi yeyote aliyezeeka katika kazi hiyo aweke mbao ya mbili kwa sita kwenye kenchi ikiwa imelala. Atakucheka. Mbao ni ileile, mti uleule, bei ileile. Lakini ikisimama, inchi sita zikiwa kimo na mbili zikiwa upana, ukinzani wake wa kupinda ni mara tisa ya ule wa kulala. Fundi huyo pengine hakufika darasa la nane, wala hajui kwamba hesabu yenyewe huzidisha kimo kwa kimo kwa kimo. Anajua paa litabonyea.

Kwenye ndege neno hili ndilo hasa lina enzi yake. Kwa kuwa aghalabu bawa halina upana mmoja tangu shinani hadi nchani, wahandisi huchukua urefu wa mabawa, ncha hadi ncha, wakauzidisha kwa wenyewe, kisha wakagawanya kwa eneo la mabawa. Concorde, iliyokuwa na mabawa ya mita 25.6 na eneo la mita za mraba 358, ilipata uwiano usiofika mbili. Cessna 172, kile kindege cha watu wanne, ina mita 11 na eneo la kama 16, hivyo uwiano wake ni saba na nusu hivi. Ndege zisizo na injini, zinazoelea kwa upepo tu, huvuka 20, na nyingine 30. Sababu yake inaeleweka bila hesabu nyingi: hewa iliyo chini ya bawa inasukuma kuliko iliyo juu, nayo hutoroka kwa kuzunguka nchani na kufanya kisulisuli kinachoivuta ndege nyuma. Bawa likiwa refu na jembamba, hasara ya nchani huwa ndogo kwa kulinganisha na bawa zima. Lakini bawa refu ni zito, hupinda, na huhitaji nafasi kubwa uwanjani. Boeing walipobuni 777X walifikisha karibu mita 72, wakalazimika kuweka bawaba kwenye ncha ili ikiwa chini ijikunje ibaki chini ya mita 65, ipate kuingia katika maegesho yaliyopo.

Mungu naye, kama tunavyosema sisi wazee, alilipanga kabla ya Boeing. Albatrosi anayezunguka bahari siku nyingi akipiga bawa kwa nadra tu ana mabawa marefu membamba. Kanga wetu wa porini ana mabawa mafupi mapana, kwa kuwa haja yake si safari. Haja yake ni kuruka ghafla kichakani mbwa anapomkaribia. Umbadilishie kanga mabawa kwa ya albatrosi, umemuua.

Mimi mwenyewe nimeadhibiwa na uwiano, afadhali niungame. Ubavuni mwa tairi pameandikwa namba kama 195/65 R15. Wengi hudhani hizo ni namba za kiwanda. Ile 195 ni upana wa tairi kwa milimita. Ile 65 ni uwiano, maana yake kimo cha ubavu wa tairi ni asilimia 65 ya upana huo, yaani kama milimita 127. Miaka ya nyuma kijana wa gereji alinishawishi nifunge 195/50, akisema gari la mkuu wa chuo halina budi kupendeza. Ubavu ukashuka hadi kama milimita 97. Barabara yetu ya chuoni ilikuwa ya mawe. Mwezi wa pili rimu mbili zilipinda, na tangu siku ya kwanza mita ya mwendo ilikuwa ikinidanganya: iliposoma 100 nilikuwa nakwenda kama 91, kwa kuwa gurudumu zima lilikuwa limepungua. Niliyarudisha matairi ya zamani nikiwa nimetahayari.

Unaona, paa hubonyea, rimu hupinda, ndege huanguka. Mhandisi akiuchezea uwiano, kitu chenyewe kinamsuta. Picha haimsuti mtu. Mwalimu Nyerere aliyevutwa hashuki ukutani kudai mabega yake. Ndiyo maana kazi ya kusuta imebaki kwetu sisi watazamaji, nasi tumeikimbia.

Yapo majibu ninayopewa, na kwa haki niyaeleze. Jibu la kwanza ni la fedha: "Nimelipia inchi 55, nataka inchi zangu 55." Hoja hii ingenipendeza kama msemaji angejua inchi zake zinapimwaje. Kioo hupimwa kona hadi kona. Wanachuo wangu walioisoma Pythagoras wanajua kwamba kioo cha nne kwa tatu ni ile pembetatu ya tatu, nne na tano waliyoikariri. Kwa hiyo televisheni ya zamani ya inchi 20 ilikuwa na upana wa 16 na kimo cha 12, eneo lake inchi za mraba 192. Televisheni ya kumi na sita kwa tisa yenye inchi 20 hizohizo ina upana wa kama 17.4 na kimo cha kama 9.8, na eneo lake halifiki hata 172. Kadiri umbo linavyokuwa pana ndivyo eneo linavyopungua kwa inchi zilezile za kona. Ndugu yangu, ulipunguziwa zaidi ya sehemu moja ya kumi siku ile ulipokuwa dukani, na hukulalamika. Leo unataka kulipwa fidia kwa kumnenepesha Mwalimu.

Jibu la pili ni kwamba macho huzoea. Ni kweli, na ndiyo inayonitisha. Kaa mbele ya picha iliyovutwa kwa nusu saa, utaiona sawa. Hata mimi huniingia. Dawa ninayoitumia ni kutafuta kitu cha duara katika picha: saa ya ukutani, gurudumu, sahani, mpira. Duara halina mjadala. Mwenye macho haambiwi tazama, husema wahenga, lakini nadhani hawakuwahi kuwa na televisheni.

Wengine huniambia basi tuikate picha juu na chini ijae bila kuvutwa. Hapo wanapoteza robo nzima ya picha. Kichwa au miguu, wachague. Kosa hilo tulilionja kwa upande wa pili enzi za kanda za video, sinema pana zilipokatwa kushoto na kulia ili ziingie katika televisheni ya nne kwa tatu. Zaidi ya asilimia 40 ya picha ilitupwa, na ndiyo sababu ulikuwa ukisikia watu wawili wanazungumza huku ukiona pua ya mmoja.

Wazee wenzangu watashangaa nikisema kwamba sina ugomvi na vijana wanaopiga picha za wima kwa simu. Mtu akisimama ni wima. Wachoraji walimchora hivyo karne nyingi kabla ya simu, na picha ya pasipoti ni ya wima hadi leo. Wala siwalaumu walioigeuza simu. Nawalaumu wanaoichukua picha ile ya wima na kuipanua ijae kioo cha kulala. Kila picha na umbo lake.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Baada ya kustaafu, shule moja ya msingi iliniomba nisaidie kusahihisha hisabati katika mtihani wa majaribio. Swali mojawapo lilikuwa na mchoro wa duara, na mwanafunzi alitakiwa apime nusukipenyo kwa rula kisha atafute eneo. Aliyeuchapa mtihani alikuwa ameushika mchoro kwa kipanya cha kompyuta, si konani bali ubavuni, akauvuta uenee safu ya karatasi. Duara lilikuwa na sentimita 7 kutoka juu hadi chini na 8.4 kutoka kushoto hadi kulia. Waliopima kwa wima walipata nusukipenyo cha 3.5, eneo 38.5. Waliopima kwa ulalo walipata 4.2, na eneo 55.44. Mwongozo wa kusahihisha ulisema 38.5, basi. Watoto waliopima vizuri kabisa, kwa rula nzuri, kwa mkono usiotetemeka, walipigwa mkasi kwa kosa la mtu mzima.

Katika karatasi zile nilikutana na ya binti mmoja. Hakuandika hesabu yoyote. Aliandika vipimo vyote viwili, 7 na 8.4, na chini yake maneno matatu: "Hili si duara." Msahihishaji aliyenitangulia alikuwa amempa sifuri, akaizungushia wino mwekundu. Nikasimama nikasema mtoto huyu peke yake ndiye aliyejibu swali. Wenzangu hawakuwa watu wabaya. Walichoka, karatasi zilikuwa nyingi, chai ilikuwa imepoa. Mmoja akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni printa tu, kila mtu ameelewa kwamba ni duara." Nikamwuliza: ikiwa kila mtu ameelewa, mbona rula haikuelewa? Tulibishana hadi kengele ya mchana. Alama haikurudishwa. Walisema ikirudishwa kwake itabidi warudie karatasi zote, na hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililopaswa kufanywa.

Tangu siku hiyo kila ninapoona picha imevutwa namfikiria yule binti. Tunampeleka mtoto shuleni ajifunze kuona na kupima, kisha tunampa sifuri kwa kuwa ameona na amepima. Kesho yake akiwa mhandisi na kusema nguzo hii ni nyembamba kupita kiasi, tutamwambia ni printa. Walimu wanaofundishwa vyuoni leo wanafundishwa kutumia kompyuta, nami nafurahi. Lakini katika chuo kimoja nilichoalikwa kuzungumza niliuliza darasa zima tofauti ya kuvuta picha konani na kuivuta ubavuni, na mikono iliyoinuliwa ilikuwa minne. Somo lenyewe lisingechukua dakika tano. Shika kona, pande zote hukua kwa pamoja. Shika ubavu, umeharibu.

Jambo la mwisho ni langu binafsi, na nilisitasita kuliandika. Marehemu mke wangu alifariki mwaka 2017. Ana picha moja iliyopigwa studio Morogoro mwaka 1976, amesimama kando ya meza yenye maua ya plastiki, na sifa yake kubwa katika picha ile ni shingo. Watu wa kwao waliijua shingo hiyo. Katika arobaini yake watoto walikodi projekta, na picha zikaonyeshwa katika turubai jeupe uani. Ilipofika hiyo ya 1976 niliona mwanamke nisiyemjua. Uso ulikuwa umetandazwa, shingo imekwisha, meza imekuwa kitanda. Sahani ya ukutani nyuma yake ilikuwa yai lililolazwa. Kijana wa mitambo alikuwa amehakikisha turubai limejaa pembe hadi pembe. Wageni waliokuja kutoka mbali walitikisa vichwa kwa huzuni na kusema alikuwa na afya njema ujanani.

Nilinyamaza. Mfiwa hapigi miluzi.

Mjukuu wangu mmoja alikuwa na miaka sita. Hakumkumbuka vizuri bibi yake ila akiwa mgonjwa kitandani. Miezi kadhaa baadaye nilimsikia akimweleza mwenzake kwamba bibi alikuwa mnene sana zamani, mnene hivi, akatanua mikono. Nilimwita. Nikamwambia apande kwenye stuli, afungue kabati, atoe bahasha ya khaki iliyo chini ya vyeti. Aliitoa picha, akaishika kwa ncha za vidole kama alivyoona nikifanya, akaitazama kwa muda.

"Babu," akasema, "huyu siye yule wa turubai."

Nikamwambia alete rula.